Kazi Imeshatumwa, Hela Haijaingia: Mali ni ya Nani? Historia ya Wabunifu Waliopigwa

"Nitumie kwanza niione, hela naingiza jioni."

Kila dizaina, mpiga picha na prodyuza wa mjini anaijua hiyo sentensi. Faili linaenda, tiki mbili za bluu zinawaka, jioni inafika, wiki inakata. Halafu siku moja nembo inaonekana imebandikwa kwenye bango kubwa barabarani, au biti inasikika kwenye tangazo la redio, na aliyeitengeneza hajala hata mia.

Hapo ndipo washauri wa mtaani wanapoanza. Wa kwanza atasema, "Kama hajalipa, kazi bado ni yako, mshtaki huyo." Wa pili atasema, "Ushamtumia, ishakuwa yake hiyo, we dai hela yako tu." Wote wanaongea kwa kujiamini, na kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Swali hili limesumbua watu kwa karibu miaka 300, jibu lake limegeuka mara kadhaa, na mpaka leo linageuka ukivuka tu mpaka wa Namanga.

Twende taratibu.

London, 1728: mteja aliyegoma kulipa pauni 30

Leo michoro ya William Hogarth iko kwenye majumba ya makumbusho makubwa ya Uingereza. Lakini mwaka 1727 alikuwa kijana anayekaribia miaka 30, anayeishi kwa vibarua. Kazi aliyojulikana nayo ilikuwa kuchonga picha kwenye bamba la shaba. Bamba likipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, linatoa nakala nyingi za picha ileile.

Fundi mmoja wa mazulia ya kutundika ukutani, Joshua Morris, akampa oda. Alitaka mchoro mkubwa wa rangi ambao mafundi wake wangeufuata wakati wa kufuma. Makubaliano yalikuwa pauni 30.

Hogarth akamaliza kazi, akapeleka. Morris akagoma kulipa. Alishasikia kwamba huyu kijana ni mchongaji wa mabamba na siyo mchoraji wa rangi, basi akasema kazi haifai. Tabia ya mteja kugundua kasoro siku ya kulipa, kumbe, ni ya zamani sana.

Hogarth hakukaa kulalamika vijiweni. Alienda mahakamani, na mwezi Mei 1728 akashinda.

Sasa angalia alishinda nini. Alishinda deni. Mahakama ilisema kulikuwa na makubaliano, kazi imefanyika, lipa. Haikusema lolote kuhusu mchoro wenyewe ni mali ya nani, kwa sababu wakati huo picha haikuwa na hakimiliki kabisa. Sheria ya kwanza ya hakimiliki Uingereza, ya mwaka 1710, ilikuwa ya vitabu tu. Picha ingeweza kunakiliwa na yeyote mwenye bamba na wino.

Hilo lilimuuma Hogarth miaka minne baadaye. Mwaka 1732 alitoa mfululizo wa picha sita kuhusu binti aliyetoka shamba kuja London na kuishia kwenye ukahaba. Mji mzima ukaziongelea. Haikuchukua muda, nakala feki zikajaa madukani kwa bei ya kutupa, na yeye hakupata kitu kwenye hizo feki.

Safari hii akaungana na wasanii wenzake, wakapeleka malalamiko bungeni. Sheria ikapita, ikaanza kufanya kazi Juni 1735. Watu wakaiita sheria ya Hogarth. Yeye mwenyewe aliuzuia mfululizo wake uliofuata usitoke mpaka sheria ianze. Ilimpa mwenye picha ulinzi wa miaka 14, na kila nakala feki ilikuwa na faini ya shilingi tano. Lakini ilikuwa na sharti: jina la mwenye mali na tarehe viwe vimechongwa kwenye bamba na vionekane kwenye kila nakala. Wale wanaopitisha jina lao katikati ya picha kabla hawajalipwa wanafanya kitu ambacho bunge la Uingereza lilikidai miaka karibu 300 iliyopita.

Kwa hiyo Hogarth alipigana vita viwili tofauti: cha hela mwaka 1728, na cha umiliki mwaka 1735. Kuchanganya hivyo viwili ndiyo kosa ambalo watu wanalirudia mpaka leo.

1911: "Aliyeagiza ndiye mwenye mali"

Kamera ikaja, studio za picha zikafunguliwa kila mji, na swali likarudi kwa sura mpya. Mama wa familia kaja studio kapigwa picha. Picha ni ya nani, yake au ya mpiga picha?

Uingereza ilijibu kwenye sheria yake ya hakimiliki ya 1911. Kama picha ya kamera, picha ya sura ya mtu au ya kuchongwa imeagizwa na mteja kwa malipo, na hakuna makubaliano mengine, basi mwenye hakimiliki wa kwanza ni aliyeagiza. Kwa picha za familia ilileta maana. Nani anataka sura ya mke wake iuzwe kwenye kadi na mtu wa studio?

Tatizo ni kwamba sheria hiyohiyo ilimgusa pia mpiga picha aliyefanya kazi ya kampuni. Na sheria iliyoifuata, ya 1956, iliweka wazi zaidi: inatosha mteja awe amelipa *au amekubali kulipa*. Soma tena hapo. Ahadi tu. Ukisema "nitakulipa," umiliki unakuwa wako, hata kama hela yenyewe haijatoka mfukoni. Mpiga picha anabaki na deni, na deni halitundikwi ukutani.

Uingereza wenyewe walikuja kuachana na utaratibu huo. Sheria yao ya 1988 ilirudisha umiliki kwa mpiga picha hata kama kazi imeagizwa, na ikamwachia mteja wa picha za nyumbani haki ya kuzuia zisisambazwe. Yaani faragha ya mama ikalindwa bila kumnyang'anya fundi kazi yake.

Lakini sheria ya 1911 haikubaki London. Ilisambazwa kwenye makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Hilo tutalirudia.

1938: dola 130 za Superman

Upande wa Marekani kuna stori inayojulikana sana, lakini watu huwa wanaikumbuka vibaya. Wanasema jamaa wawili waliibiwa Superman. Hawakuibiwa. Walisaini.

Jerry Siegel alikuwa anaandika, Joe Shuster anachora. Wote vijana wa Cleveland. Superman walikuwa nayo kwa miaka, wakiipeleka huku na huku inakataliwa. Machi 1938 kampuni moja ya vitabu vya katuni ikakubali. Kurasa 13, dola 10 kwa ukurasa, jumla dola 130. Hela hiyo ilikuja kwenye hundi moja ya dola 412 pamoja na malipo ya kazi nyingine walizokuwa wameshaifanyia kampuni hiyohiyo. Sharti la kupata hizo 130 lilikuwa karatasi: haki zote za Superman zinakwenda kwa kampuni, milele.

Vijana wa miaka 23, wanahitaji hela, wamechoka kukataliwa. Wakasaini.

Superman akalipuka. Mwaka 1947 wakaenda mahakamani, wakamaliza kwa makubaliano ya takribani dola 94,000, na majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Kufika 1975 Shuster alikuwa karibu kipofu na Siegel alikuwa karani anayepiga taipu Los Angeles, huku filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa. Wakapaza sauti kwenye magazeti. Kampuni ikaona aibu, ikawapa pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Ile hundi yenyewe ya 1938 ilikuja kuuzwa kwenye mnada mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya malipo ikawa na thamani kuliko malipo yenyewe.

Kwa hiyo kuna balaa la aina mbili. Kuna kusaini karatasi mbaya, kama hawa wawili. Na kuna kutokuwa na karatasi kabisa, ambalo ndilo la vijana wengi wa leo.

1985: kiwanda kilicholipuka na dola 8,000 zilizobaki

Hii sasa ndiyo kesi inayofanana kabisa na mambo ya tiki za bluu.

Larry Cohen alikuwa muongozaji wa filamu za kutisha za bajeti ndogo. Mwaka 1985 alitoa filamu inaitwa The Stuff. Kuna kitu cheupe kitamu kinatoka ardhini, watu wanakipenda, wanakula, halafu chenyewe ndiyo kinawala wao. Cohen alihitaji vipande saba vya efekti, kikiwemo cha kiwanda kulipuka. Akawapa kazi kampuni ndogo inaitwa Effects Associates. Walikubaliana kuhusu kazi na bei. Kuhusu nani atamiliki hizo picha, hakuna aliyesema neno.

Vipande vikaletwa. Cohen akasema mlipuko wa kiwanda haujamridhisha, akalipa nusu tu ya bei ya kipande hicho. Zikabaki dola 8,000 na kidogo. Mafundi wakadai mara kadhaa. Akakataa. Lakini mlipuko uleule aliousema mbovu akauweka kwenye filamu, filamu ikaenda sokoni.

Mafundi wakaenda mahakamani na hoja ambayo kila dizaina angeileta: hujalipa, basi hukuwa na ruhusa ya kutumia, kwa hiyo umekiuka hakimiliki yetu.

Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikatoa jibu lenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza iliwafurahisha mafundi. Cohen hakuwa mmiliki. Sheria ya Marekani inasema umiliki wa hakimiliki hauhami bila maandishi yaliyosainiwa. Jaji akasema hata mstari mmoja ungetosha, haihitaji mkataba wa kurasa mia. Utetezi kwamba watu wa filamu wanamalizana kwenye chakula cha mchana haukupita. Na mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilishasema kwenye kesi ya mchonga sanamu mmoja wa Baltimore kwamba fundi anayetumia karakana yake na vifaa vyake, akachukuliwa kwa kazi moja tu, siyo mwajiriwa. Kwa hiyo kazi yake haiwi mali ya mteja kirahisi.

Sehemu ya pili ikawavunja nguvu. Mahakama ikasema: mlitengeneza hizi picha kwa ombi lake, mkamkabidhi, na nia yenu ilikuwa azitumie kwenye filamu. Alishawalipa karibu dola 56,000. Kwa vitendo vyenu mlishampa ruhusa ya kuzitumia. Siyo umiliki, ruhusa. Kwa hiyo hajakiuka hakimiliki. Dola 8,000 zenu nendeni mkazidai kama deni, na picha zenyewe mnaweza kumuuzia mtu mwingine yeyote.

Fikiria mwenye nyumba aliyemkabidhi mpangaji funguo kabla ya kupokea kodi yote. Mpangaji hajawa mwenye nyumba. Lakini huwezi kwenda polisi kusema kavunja mlango, maana funguo umempa mwenyewe. Unachodai ni kodi.

Sasa kwa nini tofauti hii ni kubwa? Kesi ya deni inakupa hela mliyokubaliana, basi. Kesi ya hakimiliki inaweza kusimamisha filamu, kushusha bango, kuzima tangazo. Mteja asiyeogopa deni anaogopa sana bango lake kushushwa wiki ya uzinduzi. Wale mafundi walikuwa na hiyo silaha mkononi, wakaitoa pamoja na faili.

Wangefanyaje? Wangeandika kwamba ruhusa ya kutumia inaanza malipo yakikamilika. Mteja akitumia kabla, hapo hana ruhusa, na hoja ya hakimiliki inasimama.

Upande wa deni nako mambo yamesogea kidogo. Jiji la New York lina sheria iliyoanza Mei 2017 kwa watu wa kazi za kujitegemea: kazi ya dola 800 kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, mteja ana siku 30 baada ya kazi kukamilika. Akipiga chenga, anaweza kuamriwa alipe mara mbili.

Sasa vuka mpaka wa Namanga

Dizaina wa Nairobi na dizaina wa Arusha wanaweza kufanya kazi ileile, kwa mteja wa aina ileile, bila mkataba, wakajikuta sehemu tofauti.

Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inaanza vizuri: mwenye haki wa kwanza ni mtunzi. Halafu inaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wenyewe wamekubaliana vingine. Harufu ya 1911 hiyo, na hapa haiishii kwenye picha tu. Na kifungu hicho hakisemi "baada ya kulipa." Kwa hiyo kijana wa Nairobi anayesoma kwenye mtandao wa Kimarekani kwamba "bila saini kazi ni yako" anasoma sheria isiyo yake. Kwake yeye ukimya unampa mteja mali. Kilichobaki mkononi mwake ni deni, ambalo kama halizidi shilingi milioni moja za Kenya anaweza kulipeleka kwenye mahakama ya madai madogo bila kuhitaji wakili.

Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ndiyo iliyoleta COSOTA, nayo inamtambua mtunzi kama mwenye haki wa kwanza. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa, siyo pale inaposajiliwa. Usajili unasaidia kama ushahidi. Na wale wanaosema "hatukuandikiana, basi sina kesi" wapunguze presha. Sheria ya mikataba ya Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji na barua pepe kupokelewa kama ushahidi. Yale maongezi ya WhatsApp yenye oda, bei, na "nitakulipa Ijumaa bro" ni mali. Usiyafute kwa hasira.

Kuna kitu kimoja kinachobaki na mtunzi pande zote mbili za mpaka: haki ya kutambuliwa kwamba kazi kaifanya yeye. Mteja anaweza kuwa na haki ya kuitumia nembo, lakini hana haki ya kudai kaichora yeye.

Mstari mmoja

Ukizipanga hizi stori, kinachojirudia siyo ubaya wa wateja. Kila mara kuna sehemu ya makubaliano ambayo watu waliiacha wazi kwa sababu ya haraka, urafiki au njaa, na sheria ikaja kuijaza. Mwaka 1956 London iliijaza kwa faida ya aliyeahidi. Mwaka 1990 Marekani iliigawa katikati. Kenya inaijaza kwa faida ya aliyeagiza. Wewe ukikaa kimya, kuna mtu ataongea kwa niaba yako, na si lazima aongee unachotaka.

Siegel na Shuster wanaonyesha kwamba karatasi inaweza kukumaliza. Kesi ya The Stuff inaonyesha kwamba inaweza kukuokoa, na jaji mwenyewe alisema haihitaji kuwa ndefu. Mfano wake ni huu:

"Haki zote za kazi hii zinabaki kwa mtengenezaji mpaka malipo yote yakamilike. Kabla ya hapo mteja haruhusiwi kuitumia popote."

Huo unaingia kwenye meseji ya bei, *kabla* kazi haijaanza, na mteja ajibu "sawa." Ukiutuma baada ya faili kwenda umechelewa, funguo ziko kwake. Sampuli iende ikiwa ndogo, yenye jina limepita katikati. Faili kamili lifuate hela. Kwa kazi yenye hela ndefu, au mteja akija na karatasi yake ya kusaini, mtafute mwanasheria aisome kwanza. Vijana wawili wa Cleveland wangetoa chochote kurudi Machi 1938 na mtu wa kuwasomea ile yao.

Mteja mzuri hataukasirikia mstari huo, kwa sababu yeye alishapanga kulipa. Atakayeukasirikia kakuonyesha mapema jioni anayoisema ni ya lini.

Haya wadau, wewe ulishawahi kukuta kazi yako barabarani na hela hujaiona? Ulifanyaje? Funguka hapo chini, ila jina la mteja liache nyumbani.